Wosia kwa Wajukuu Zangu Juu ya Maradhi Yanayofichwa

Wajukuu zangu, nawaandikia ninyi na marafiki zenu mtakaowasomea barua hii. Na ninyi wa Bumbuli, mnaosali kanisani pamoja na baba yenu, nawaandikia pia.

Mambo ya nyumba na shamba la minazi yameandikwa kwingine na mashahidi wametia sahihi. Hapa nazungumzia jambo ambalo katika ukoo wetu husemwa mlango ukiwa umefungwa, tena kwa kunong'ona: kuugua akili, na kwenda kwa mtu anayejua kuyatibu maradhi hayo. Miguu hainifikishi mbali siku hizi, na sitaki niondoke na maneno haya kifuani.

Mnajua nilikuwa muuguzi, lakini wengi wenu hamjui kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa katika kliniki ya akili ya hospitali moja ya mkoa. Mlango wetu ulitazamana na kliniki ya macho. Palikuwa na dada mmoja, mwalimu, ambaye alikuwa akija mapema na kukaa kwenye benchi la watu wa macho, kadi yake ameikunja ndani ya mkoba, anasubiri mpaka foleni yetu iishe na korido iwe tupu. Ndipo anavuka. Korido ile upana wake ulikuwa wa kupitisha kitanda cha mgonjwa tu, lakini yeye ilimchukua asubuhi nzima kuivuka.

Wagonjwa kama yeye wakishaingia hawasemi kwamba wana huzuni. Watasema kichwa kinawaka moto. Moyo unakwenda mbio, nimepimwa presha wanasema sina. Kuna vitu vinatembea mwilini kama sisimizi. Usingizi umenikimbia. "Sista, nipe vidonge vya usingizi tu, nijiendee zangu." Wengine walikuwa wameshatibiwa malaria na taifodi mara nyingi, na vipimo havikuonyesha kitu. Mdomo ulikuwa umekatazwa kusema, mwili ukabeba kazi hiyo. Ukimpa mtu kiti, ukafunga mlango, ukamwuliza taratibu nyumbani kukoje, wengi walilia kabla hawajajibu. Na baada ya kulia wanakuomba radhi! Wanakuomba radhi kana kwamba wamevunja kitu chako.

Sasa niwaambie la kwetu. Kaka yangu mkubwa, babu yenu mnayeonyeshwa kwenye ile picha ya kanzu na koti, mmeambiwa malaria ilimpanda kichwani akiwa kijana. Si malaria. Alikuwa karani katika shamba la mkonge, mtu wa hesabu, mwandiko wake mzuri kuliko wa mabwana waliomwajiri. Akaanza kusikia watu wakimsema usiku juu ya dari. Akaacha kula, anadai chakula kimetiwa sumu. Wazee wakamhamishia chumba cha uani. Wageni wakija anafungiwa, na redio inaongezwa sauti. Waganga walikuja mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akaondoka na mbuzi. Yakapita hivyo miaka. Aliyemtoa ni mama yetu, ambaye hakujua kusoma hata jina lake. Alisimama mbele ya baba na wajomba akasema hawezi kumzika mtoto ambaye bado anapumua.

Akapelekwa Mirembe, Dodoma. Alikaa miezi, akarudi na dawa zake katika mfuko wa khaki. Alioa. Alipata kazi ya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, na ndiye aliyewafundisha baba zenu kugawanya na kuzidisha. Alipoziacha dawa, ugonjwa ulirudi. Alipozirudia, ulitulia, na akaendelea nazo mpaka uzee wake. Ninyi mkigombana mnatupiana kwamba fulani katoroka Mirembe. Babu yenu hakutoroka. Aliruhusiwa na daktari, akapanda basi, akarudi Tanga kwa mama yake. Nawasihi mliache tusi hilo, na mwenzenu akilitamka mbele yenu mwambieni mna mtu wenu aliyetibiwa pale akapata nafuu.

Siku mtakayokaa mbele ya daktari mtaulizwa kama katika familia kuna aliyewahi kuugua akili. Jibuni kwamba yuko. Swali hilo haliulizwi kwa umbeya. Jibu lake humwonyesha daktari atafute nini na achague dawa gani. Kwa kuificha habari ya kaka yangu tuliwanyima watoto wetu jibu hilo.

Nimejiuliza sana aibu hii imetoka wapi, na naona mzizi wake mkubwa uko kwenye posa. Kabla barua haijajibiwa, wazee hutumana kuuchunguza ukoo: hawana kifafa? hawana ukoma? hawana wazimu? Basi mwenye mabinti wa kuoza hufungia mgonjwa wake uani, na msimwone mkatili. Anaogopa wadogo wa mgonjwa wasije wakakaa bila wachumba. Nawaelewa wazee hao kwa sababu niliishi nao. Lakini angalieni bei iliyolipwa: mmoja anaozea ndani ili wengine waolewe, nao wakishaolewa wanaishi na hofu kwamba siku moja mkwe atajua. Kuwa na ndugu mgonjwa huongeza uwezekano wa mtu kuugua, hilo ni kweli na lisikataliwe. Ila wengi wenye ndugu mgonjwa hawaugui kamwe, na wako wengi wanaougua ambao katika ukoo wao hajulikani hata mmoja. Ninyi ambao hamjaoa wala kuolewa, semeni kabla ya ndoa. Mchumba atakayekimbia kwa sababu ya kaka yangu, mwacheni aende. Angewakimbia baadaye kwa sababu nyingine, mkiwa na watoto.

Mtaambiwa pia kwamba ni upungufu wa imani. Maneno haya yanaumiza kuliko yote, maana mgonjwa mwenyewe ameshajiambia hivyo usiku kucha. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yakaingia weupe kwa huzuni, na ni nabii. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, na Waislamu wakauita mwaka ule mwaka wa huzuni. Na ninyi wa Bumbuli, kwenye Biblia ya baba yenu, Eliya alikaa chini ya mti akamwomba Mungu auondoe uhai wake. Malaika hakumkemea. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Huyo malaika alifanya ambayo muuguzi mzuri angefanya.

Anayesema kwamba mambo haya yameletwa na Wazungu, mwambieni amtafute Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni Mwislamu aliyefariki mwaka 934. Aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na ya nafsi pamoja, akaeleza hofu, ghadhabu, huzuni na wasiwasi, na namna ya kuvitibu kwa maneno na fikra. Na anayesema ni magonjwa ya kizazi cha simu, mpelekeni Lutindi, hapa hapa mkoani kwetu, kwenye milima ya Korogwe. Pamekuwa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili tangu 1904, enzi ya Mjerumani. Waliokuwa wakipandishwa mlima ule hawakuwa na simu.

Sisemi msisomewe dua. Nami nasomewa, na huwa napata utulivu mkubwa. Nendeni kwa shehe, nendeni kwa mchungaji, halafu nendeni hospitali. Hakuna kinachomzuia mtu kupita kote. Ninachokataza ni fimbo na mnyororo. Nimewafunga vidonda vya vifundoni watu waliofungwa kwenye mti ili pepo litoke, na hakuna aya wala mstari unaoamuru hivyo.

Mkifika kwa mshauri msitegemee mawaidha. Mawaidha mnayo mengi nyumbani, mengine kutoka kwangu. Mshauri mwema atakuuliza unalalaje, unakulaje, ni nini kilichokuwa kikikufurahisha ambacho sasa hukitaki. Atakuuliza bila kuzunguka kama umewahi kufikiria kufa au kujiua. Msishtuke. Kumwuliza mtu swali hilo hakumtii wazo kichwani. Mara nyingi humpunguzia mzigo kwa sababu hatimaye kuna aliyethubutu kulitaja. Kazi yake ni kama ya mkunga: yuko pembeni yako, anajua njia, anakuambia lini upumue, lakini uchungu ni wako na mtoto utamzaa mwenyewe. Ndiyo maana haitoshi kwenda siku moja, ukarudi ukasema hakuna alichonifanyia. Kuna mazoezi atakayokupa ya kufanya nyumbani, kuna wiki utakayotoka umechoka kuliko ulivyoingia. Na ukiona mshauri huyu hamuelewani, badili. Hata daktari wa meno watu hubadili.

Mshauri au mwanasaikolojia haandiki dawa. Anayeandika ni daktari, na akikuandikia za sonona ujue hazifanyi kazi kesho yake. Huchukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo wengi hukata tamaa wakazitupa. Msizikatishe wenyewe. Rudini kwa aliyeziandika mseme zinawasumbua vipi.

Kuhusu siri, ambayo najua ndiyo hofu yenu kubwa: mtaalamu anabanwa na kiapo na maadili ya kazi yake asitoe maneno yako nje. Ataivunja siri pale tu maisha yako au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini, na mshauri makini atakuambia hivyo siku ya kwanza. Sasa linganisheni na mashoga wa barazani, au na lile kundi lenu la WhatsApp. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi watu wa pwani tunaopenda sitara tungepaswa kuwa wa kwanza kuukimbilia mlango wa mtu aliyeapa kusitiri.

Aibu hii inaweza kuvunjika. Nasema hivyo kwa sababu nimeishi kuona aibu kubwa kuliko hii ikivunjika. Ukimwi ulipogunduliwa nchini, mwaka 1983 huko Kagera, watu waliuita Juliana. Baadaye ikawa kakanyaga miwaya, kapata umeme, ana ngoma. Lolote alimradi lisitajwe jina lake. Tulikuwa na wagonjwa waliotengewa sahani na kikombe majumbani mwao. Wakati ule ndipo wengi wetu tulipoanza kusikia maneno ushauri nasaha, na watu waliona afadhali kufa kuliko kuonekana wameketi na mnasihi. Julai 2007 Rais Kikwete na mkewe walikaa hadharani pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, wakatolewa damu wapimwe, taifa zima linatazama. Miezi iliyofuata zahanati zilifurika. Leo mjamzito anapimwa siku ya kwanza ya kliniki pamoja na mumewe, na hakuna anayegeuza shingo. Haikuwa hotuba peke yake. Dawa zilikuwapo, na watu wakaona majirani zao wakiinuka vitandani. Na kwenye akili itakuwa hivyo. Watu wataacha kuona haya watakapomwona aliyekwenda akarudi mzima, na asifiche alikotoka.

Kuna habari ya Harare ambayo kila nikiikumbuka natamani ningekuwa na miaka 60 tu. Daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua. Mama wa binti yule alimwambia walishindwa kumleta kwa sababu hawakuwa na nauli ya basi. Nauli! Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, akaanza na mabibi 14 waliokuwa wakijitolea katika zahanati. Aliwafundisha kukaa na mtu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, kumsikiliza, kumsaidia kuorodhesha matatizo yake na kuchagua moja la kuanza nalo. Mwanzoni benchi liliitwa la afya ya akili, na watu wakaliepuka. Mabibi wenyewe ndio walioshauri liitwe benchi la urafiki, na watu wakaja kukaa. Utafiti wake ulichapishwa mwishoni mwa 2016: watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi 6, waliopewa huduma ya kawaida nusu yao bado walikuwa na dalili za sonona. Waliokaa na mabibi, ni 14 katika kila 100. Mpango ule umevuka mpaka Malawi, Zanzibar na hata New York. Basi msidharau vikongwe wenu, lakini angalieni: mabibi wale walifunzwa, na walikuwa na daktari wa kumpelekea mgonjwa aliyezidi uwezo wao.

Nirudi kwenu wavulana, maana wasichana angalau hulia. Mwanamume halii, mnaambiwa, basi analewa. Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba Machi 2017, na nilishukuru, ila maumivu yaliyokuwa yakizimwa kwa viroba hayakupigwa marufuku. Yalihamia kwenye chupa na kwenye mkeka wa kubeti. Nawaona vijana wa bodaboda pale kona wakicheka mchana kutwa, na usiku mmoja wao hakutwi nyumbani. Na mabinti, mikopo ya kausha damu, ile ya riba inayomkamua mtu, imewafikisha wengine mahali ambapo kila simu ikiita moyo unaruka. Deni ni deni, mshauri hatakulipia. Lakini mtu asiyelala kwa mwezi mzima hawezi hata kupanga atalilipaje.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2021 watu zaidi ya 700,000 duniani walijiua, na kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Ni umri wenu huo. Sheria yetu, kifungu cha 217 cha Kanuni za Adhabu, bado inaliita jaribio la kujiua kosa la jinai. Wenzetu wa Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikatamka kwamba kinapingana na Katiba. Ninyi mliosomea sheria, hiyo ni kazi ninayowaachia. Kwa wengine nasema hivi: kuwa na mawazo ya kufa si kosa la jinai, na hakuna sheria inayokukataza kumwambia muuguzi kwamba unayo. Walionijia na maneno hayo walipata kiti na mlango uliofungwa, hawakuitiwa polisi.

Mwenzenu akiwaambia amechoka kuishi, msimwambie wenzako wana shida kuliko wewe. Msimwambie jikaze. Msimhubirie kwanza. Kaeni naye, ondoeni karibu naye sumu ya panya na dawa za shambani, msimwache peke yake usiku huo, na asubuhi nendeni naye hospitali, mkae naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe. Kwenda naye ndiko kukubwa. Mwalimu yule wa kliniki ya macho alianza kukaa benchi letu siku alipokuja na mdogo wake.

Sasa kuhusu nauli, ile iliyomkosesha binti wa Harare matibabu. Katika theluthi ninayoruhusiwa kuusia, nimeandika kwamba kodi ya chumba cha mbele, anachopanga fundi cherehani, iwekwe kando kwa ajili ya mjukuu yeyote anayehitaji kwenda kwa mshauri au kwa daktari wa akili: nauli, ada, dawa, na chai ya kunywa akitoka. Daftari atalishika binti yangu mdogo, ambaye kwa baadhi yenu ni shangazi na kwa wengine ni mama mdogo. Atakayekuja kwake aseme tu kwamba anahitaji fedha ya bibi. Asiulizwe ana nini, wala jina lake lisiandikwe daftarini. Iandikwe tarehe na kiasi. Wa Bumbuli wana haki sawa na wa Tanga, na wakwe wameingizwa humo. Fundi hulipa kila tarehe 5, na mwezi huu ameshalipa.